Mwandiko Kwenye Filta

Sukani alishika kijiti cha kupimia oili, akasugua tone la mwisho wake kati ya kidole gumba na cha shahada, akanusa, kisha akajifuta kwenye suruali.

"Hii haijabadilishwa," alisema.

Mke wake alikuwa bado ameshika risiti ya gereji. Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa jinsi alivyokuwa akipinda nguo mpaka uzi usionekane. Gari lilikuwa limetoka gereji muda huohuo, boneti bado ya moto, na risiti ilisema oili mpya lita nne, filta moja, na ufundi.

"Labda ndivyo oili za siku hizi zilivyo," alisema. "Rangi yake nyeusi kidogo."

"Rangi sijui, hiyo nawaachia nyinyi wenye macho. Oili mpya inateleza. Hii ina mchanga ndani, tena inanuka moto." Akarudisha kijiti mahali pake kwa mkono uliojua njia. "Tumeibiwa, mama."

Sukani alikuwa ameendesha teksi hiyo miaka ishirini kabla ugonjwa wa sukari haujamchukua macho, lile la kulia kwanza, la kushoto likafuata kama lililoitwa. Ilikuwa imepita miezi tisa. Mama Pindo, mwenye umri wa miaka arobaini na minane, alifunika cherehani yake kwa shuka, akaenda kujifunza udereva pamoja na vijana waliokuwa rika la wanawe, akapata leseni mara ya pili ya kujaribu. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Abiria wengine wakimwona nyuma ya usukani walikuwa wakijifanya wamekumbuka jambo, wanashuka. Waliobaki walimpenda kwa sababu hakuwa akikimbiza gari na chenji alirudisha yote.

"Narudi huko," alisema.

"Utaambulia kuchekwa."

"Nikichekwa nitakuwa nimeambulia kitu."

*

Fundi mkuu wa gereji aliitwa Profesa, kwa sababu hakuna swali lililowahi kumshinda kujibu, hata la mambo asiyoyajua. Alimsikiliza Mama Pindo huku akichokonoa meno kwa waya.

"Nani amekwambia haikubadilishwa?"

"Mume wangu."

"Yule asiyeona?"

Mafundi wawili walioinama kwenye gari jingine wakainua vichwa. Mama Pindo alijua kinachokuja, akakingojea kama mtu anavyongojea sindano ya hospitali.

"Kapima kwa nini, kwa pua?"

"Kwa vidole."

"Basi mlete tumwajiri," alisema Profesa, "tutaokoa umeme wa taa." Gereji nzima ikacheka, mpaka mteja mmoja aliyekuwa amekaa kwenye tairi akisubiri gari lake.

Mama Pindo alisubiri wamalize. "Nataka filta yangu ya zamani," alisema.

"Imeshatupwa. Mama, wewe si fundi cherehani? Ukimshonea mtu suruali, unamrudishia vipande?"

"Ndiyo, vyote. Kitambaa ni cha mteja."

Hapo Profesa alikosa la kusema, na kwa kuwa hakuzoea kukosa, akakasirika. Alisema yeye ana kazi, hana muda wa kubishana na kina mama, na kama mzee ana malalamiko aje mwenyewe, mambo ya injini wanayazungumza wanaume. Mama Pindo alitoka. Aliendesha gari polepole hadi nyumbani, na kila injini ilipogonga kidogo aliona kama inamgonga yeye.

*

Alimkuta mumewe uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, simu mapajani.

"Nimeongea na kaka," alisema Sukani. "Ana mtu anatafuta gari. Atamleta Jumamosi saa nne."

Kaka yake alikuwa muuza mbao, mtu mwema ambaye wema wake ulikuwa na sauti kubwa. Tangu Sukani apofuke, hapakupita wiki bila yeye kusema kwamba teksi ile iuzwe, kwani mlemavu na mshona nguo wataiweza wapi.

"Hukuniuliza," alisema Mama Pindo.

"Ningekuuliza nini? Injini inasaga. Ikifa barabarani tutaliuza kwa kilo, chuma chakavu. Leo bado lina bei."

"Tukishakula hiyo bei?"

"Kuna cherehani."

"Cherehani hainunui dawa zako, na wewe unajua. Ilikuwa inanunua vitunguu."

Sukani alikuwa mtu wa kujivuna zamani, dereva aliyekuwa akipiga gari lake pasi kama shati, na jambo lililomuuma si kuuza gari. Lililomuuma ni kulisikia likisaga kila jioni linapoingia uani, asiwe na la kufanya.

"Wewe uliwahi kupeleka gari gereji kwa ajili ya oili?" mkewe aliuliza.

"Hata siku moja. Oili nilibadilisha mwenyewe, hapo uliposimama."

"Basi nifundishe."

Sukani akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu, akaendelea mpaka aliposikia kwamba anacheka peke yake.

"Mama, kule unalala chali chini ya gari."

"Nimezaa watoto watatu. Kulala chali si kazi ngeni kwangu." Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia mbele yake. "Sikiliza. Jumamosi asubuhi nabadilisha. Kaka yako akija akakuta gari linapumua vizuri, haliuzwi. Akikuta limenishinda, funguo nampa kwa mkono wangu huu, na sitasema neno."

Sukani aliweka simu chini, kando ya kiti. Kisha akasema, "Utahitaji spana namba kumi na saba."

Kesho yake alimfundisha kwa mdomo, neno kwa neno, na yeye akayarudia kama mtoto wa madrasa au wa katekisimu, mpaka akayajua. Akaenda dukani akanunua filta, pete ya shaba ya boliti, dumu la lita nne la oili, na kopo jingine la lita moja.

"Injini inakunywa tatu na nusu," alinung'unika Sukani. "Hilo kopo ni la nini?"

"Sijawahi kununua kitambaa cha kutosha tu, mume wangu. Sitaanza na oili."

*

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi gari lilikuwa katikati ya ua. Mama Pindo alivaa suruali ya mumewe, akaifunga kiunoni kwa ukanda wa kupimia nguo, uliochakaa mpaka namba zimefutika. Jirani yao, karani mstaafu ambaye kazi yake sasa ilikuwa kuegemea ukuta wa watu, alikuwa ameshafika na kikombe chake cha chai.

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alisema.

"Na asiyetaka kitu afanye nini, karani?" alijibu Mama Pindo. "Asimame akinywa chai?"

Aliwasha injini dakika tano ili oili ipate moto na kulainika, akaizima. Akaweka matofali nyuma ya magurudumu ya nyuma. Akapiga jeki, akasukuma vyuma viwili vya kuegemeza gari chini ya fremu, akashusha jeki taratibu mpaka uzito ukakaa juu ya vyuma.

"Lisukume," alisema Sukani kutoka kwenye kiti chake. "Kwa nguvu. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa nje."

Alilisukuma kwa bega. Halikutikisika. Ndipo akatandika gunia, akalala chali, akajivuta chini ya gari mpaka zikabaki nje nyayo mbili tu, na zile nyayo karani alizitazama kwa heshima ambayo asingeikiri.

Chini kule palikuwa na harufu ya vumbi na chuma. Alipapasa akaipata boliti. Haikukubali. Alikaza meno, akavuta spana kwa mikono miwili, ikateleza, ikamchubua vidole. Akatukana tusi moja ambalo Sukani hakujua kwamba mkewe analijua.

"Unavuta upande gani?" aliuliza.

"Ulioniambia."

"Nilikuambia ukiwa umesimama. Sasa umelala, kushoto kumekuwa wapi?"

Spana ikagonga chuma upande wa pili. Kisha sauti ya chuma kuachia, na oili ikaanza kumiminika kwenye beseni, nyeusi kama masizi. Sukani aliisikia inavyoanguka, kwanza kwa kishindo, halafu kwa uzi, halafu kwa matone. Alisema iachwe idondoke hadi tone la mwisho, na wote watatu wakasubiri, karani naye, chai ikampoa.

Filta ndiyo ilikuwa vita. Ilikuwa imegandana na injini, tena inateleza kwa mafuta, na mkono wake ulikuwa mdogo. Sukani alisema yeye alikuwa akiifungua kwa mkono mtupu, jambo ambalo halikusaidia. Mama Pindo alijivuta nje, akaingia ndani, akarudi na kipande cha jinzi alichokikata kwenye suruali ya zamani. Akakizungusha kwenye filta mara mbili, akakisokota kama anavyosokota nguo iliyolowa, akavuta. Filta ikalia, ikageuka.

Alipotoka nayo alikuwa na oili shavuni na kwenye nywele. Aliigeuza kwenye mwanga, akaifuta kwa tambara, na pale pembeni pakatokea maandishi ya wino mzito.

"Kuna kitu kimeandikwa," alisema.

"Kimeandikwa nini?"

Alisoma tarehe. Ilikuwa ya miezi kumi na moja nyuma. Chini yake kulikuwa na kilomita, na saba ile iliyokatwa katikati kwa mstari, kama alivyokuwa akiiandika mtu mmoja tu katika maisha yake.

Sukani alinyoosha mkono akapewa ile filta. Alipitisha kidole juu ya wino asiouona. Alikuwa na desturi hiyo, kila filta aliiandika siku na kilomita kabla ya kuifunga, asije akadanganywa na kumbukumbu. Huu ulikuwa mwandiko wake wa mwisho wenye mstari ulionyooka. Baada ya hapo Mama Pindo alimpelekea Profesa gari mara tatu, na mara tatu akalipia filta mpya.

"Hawakuigusa," alisema. "Hata mara moja."

"Vidole vyako havikusema uongo," alisema mkewe. Na kwa kuwa aliona midomo ya mumewe inaanza kutetemeka mbele ya karani, aliichukua filta, akaiweka juu ya ukuta, akamwambia kwa ukali kidogo amweleze tena namna ya kufunga mpya.

Alipaka mpira wa filta mpya oili safi kwa ncha ya kidole. Akaifunga kwa mkono mpaka ikagusa, kisha robo tatu ya mzunguko, basi. Akarudisha boliti na pete yake mpya. Akaliteremsha gari, akamimina lita tatu na nusu kupitia faneli, bila tone kuanguka pembeni.

*

Muuza mbao aliingia uani saa nne kasoro, pamoja na mnunuzi, mtu mfupi mwenye ndevu fupi za mvi. Walikuwa wamekuja kwa miguu kutoka barabara kuu, mashati yamewashika migongoni.

"Shemeji," alisema muuza mbao, akimtazama tangu nywele hadi nyayo. "Nini hiki? Umeanguka kwenye pipa?"

"Karibuni, shemeji. Mmefika wakati wake. Nawasha."

Aliingia nyuma ya usukani, akageuza ufunguo. Injini ilishika mara moja. Taa nyekundu ya oili ikazimika. Kwa pumzi mbili hivi, gari liliunguruma laini, na Sukani akainua kidevu.

Kisha karani akasema, "Inamwagika."

Ilikuwa haidondoki, ilikuwa inaruka. Oili mpya, ya rangi ya asali, ilitoka chini ya gari kwa kasi ikatengeneza ziwa, ikafika kwenye viatu vya mnunuzi. Mama Pindo alizima.

"Nilisema," alisema muuza mbao. Sauti yake haikuwa na ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Nilisema mapema. Kila kazi na mwenyewe. Sasa umeharibu hata kilichokuwepo, na mtu amekuja na pesa zake. Lete funguo, shemeji, tuokoe tutakachookoa."

Mama Pindo alishuka. Alikuwa ametoa ahadi, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Aliutazama ule ufunguo mkononi, alitazama lile ziwa la asali, na macho yakamjaa machozi ya hasira, akayafuta kwa mkono mchafu, akajipaka zaidi.

"Inatoka wapi?" aliuliza Sukani.

"Kwenye filta. Kuizunguka yote."

"Hukukaza."

"Nimekaza. Robo tatu. Umenisikia nikihesabu."

"Basi filta si yenyewe."

"Ni yenyewe. Namba nililinganisha dukani."

"Basi sijui," alisema Sukani, na neno hilo likamtoka kwa shida, maana katika mambo ya gari hilo alikuwa hajawahi kulisema.

Muuza mbao akanyoosha mkono kuchukua funguo.

"Ngoja," alisema Mama Pindo.

Miaka thelathini ya kushona ilikuwa imemfundisha jambo moja. Nguo ikikataa kukaa, usianze kuvuta uzi, hesabu vipande kwanza. Alifuta mikono, akaichukua filta ya zamani ukutani. Akainama chini ya gari, akaifungua ile mpya kwa mkono, oili ikimtiririka hadi kiwikoni, akatoka nayo. Akaziweka mbili zile kwenye kiti cha plastiki cha akiba, kama mikono miwili ya shati moja. Mpya ilikuwa na mpira mdomoni. Ya zamani ilikuwa na mfereji mtupu.

"Mume wangu," alisema. "Filta ya zamani, ulipoifunga, ilikuwa na mpira?"

"Kila filta ina mpira."

"Hii haina. Uko wapi?"

Sukani alifungua mdomo kujibu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka wenyewe hewani, na kidole gumba na cha shahada vilikuwa vinabandua kitu kisichokuwepo, polepole, kwa mviringo, kama mtu anayemenya chungwa.

"Umebaki kwenye injini," alisema. "Unabaki wenyewe wakati mwingine, unagandana. Lazima ubanduliwe, vinginevyo wa mpya unakaa juu ya wa zamani, na shinikizo la oili linausukuma nje." Akashusha mkono. "Miaka ishirini nimekuwa nikipapasa pale na kuubandua. Sikujua kwamba naubandua. Mkono ulikuwa unajua, mdomo haukuambiwa."

Kisha, mbele ya kaka yake, mbele ya karani na mgeni, akasema jambo ambalo mtu wa kujivuna halisemi kwa urahisi. "Kosa ni langu. Yeye amefanya kila nilichomwambia."

Mama Pindo alikuwa ameshaanza kupiga jeki. Hakuna aliyemsaidia, isipokuwa yule mnunuzi, ambaye bila kusema neno aliinama akasogeza tofali moja lililokuwa limeachia gurudumu. Mama Pindo akaweka vyuma, akalisukuma gari kwa bega, akalala, akapotea. Wakasikia kucha zikikwaruza. Kisha mkono mweusi ukatokea chini ya mlango, umeshika mpira mwembamba uliokauka, umekakamaa kama gamba.

"Nani anautaka?" ilisema sauti kutoka chini.

Karani alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Kabla hajafunga tena filta mpya, Sukani alimwuliza, "Umeiandika?" Hakuwa ameiandika. Alipewa kalamu, akaifuta filta ikauka, akaandika tarehe na kilomita, na saba yake nayo akaikata katikati. Akaifunga, akaliteremsha gari. Oili iliyobaki kwenye dumu ilikuwa nusu lita. Ikaingia. Kijiti kikaonyesha bado chini. Akafungua lile kopo la lita moja.

"Kopo la nini hilo?" aliuliza Sukani, akitabasamu.

"La ziada. Nyamaza."

Safari hii aliwasha na akashuka mwenyewe, akapiga magoti, akatazama chini. Dakika moja. Dakika tano. Gunia jipya alilotandika lilibaki kavu. Injini ilinguruma kwa sauti ndogo, ya mtu aliyelala vizuri, na Sukani alikaa, mkono juu ya boneti.

Mnunuzi alizunguka gari mara mbili. Akajikuna ndevu.

"Nimeendesha magari miaka mingi," alisema. "Muuzaji gani aliwahi kunionyesha tumbo la gari lake hivi? Mimi hili nalitaka. Naongeza juu ya tuliyosema."

Uso wa muuza mbao ulinawiri. "Unasikia, mdogo wangu? Anaongeza."

"Nasikia," alisema Sukani. "Mwulizeni mwenye gari."

"Mwenye gari si wewe?"

"Mimi nalijua juu tu siku hizi. Kuna anayelijua chini."

Wote wakamgeukia Mama Pindo. Alikuwa akifuta kucha moja moja kwa kile kipande cha jinzi, taratibu, kama ana siku nzima. Akamaliza. Akaichukua filta ya zamani, ile yenye mwandiko, akaiweka juu ya dashibodi mahali ambapo kila abiria ataiona. Akamshika mumewe mkono, akamketisha kiti cha mbele. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kuushikilia.

"Gari haliuzwi," alisema. "Lakini ni teksi, na nyinyi mmekuja kwa miguu, na jua limeshakuwa kali. Ingieni niwapeleke. Nitapitia gereji kwanza, kuna kitu Profesa anapaswa kusoma."

Muuza mbao alisita, akacheka kidogo, akaingia pamoja na mnunuzi, akajipanga vizuri kwenye kiti.

"Ahsante sana, shemeji."

"Utaniambia ahsante ukishuka," alisema Mama Pindo, akitafuta nafasi barabarani kupitia kioo. "Pamoja na nauli."